Indiketa ya Kushoto

Mwangu aliwasha indiketa ya kushoto, Siwema akaingia kumpita.

Wala hakusita. Kwa madereva wa malori wa nchi hii, tangu enzi ambazo malori yalikuwa yanaendeshwa na watu, indiketa ya kushoto ya lori lililo mbele yako maana yake pita, kweupe. Ya kulia maana yake tulia hapo hapo, kuna kitu kinakuja. Hata utingo wa siku yake ya kwanza alilijua hilo. Basi Siwema akakanyaga mafuta, akatokeza kulia kwa lori la mumewe katikati ya mteremko wa Sekenke, na basi la abiria likamjia uso kwa uso. Kioo kikawa cheupe. Kisha kikamwandikia kwa adabu zote kwamba safari imeishia hapo, na je, angependa kuanza upya.

Siwema aliweka pedi ya kuchezea mezani akabaki ameikodolea macho. Ilikuwa asubuhi, chumba chake cha gemu pale Misuna hakijafunguliwa, viti bado vimepinduliwa juu ya meza, na nje muuza maandazi alikuwa anagombana na kuku wa jirani. Hakuumia, gemu ni gemu. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Mwangu aliendesha malori ya kwenda mpakani Rusumo ujana wake wote, na kosa lile asingelifanya hata akiwa na malaria imempanda kichwani. Hata akiwa amekufa, Siwema alijiambia, na Mwangu alikuwa amekufa mwaka wa tatu sasa.

Watu wa Singida walishazoea mambo hayo. Mashine ya gemu iliyoitwa Kipepeo ilikuwa na kitu walichokiita kishika nafasi. Ukiicheza muda wa kutosha inaujua mkono wako: unavyokata kona, unapositasita, unavyopenda kuwachokoza wenzako. Siku usipokuwepo, mkono huo unacheza kwa niaba yako, kama ndoo unayoiacha kwenye foleni ya bomba ukaenda kuinjika uji, na hakuna anayethubutu kuisogeza. Mwanzoni ilikuwa ni kwa ajili ya waliosafiri. Halafu wakaanza kufa wenye mikono, mikono ikabaki, na nani alikuwa na ubavu wa kuizima?

Na Mwangu alikuwa amecheza sana. Malori yalipoanza kujiendesha yenyewe akarudishwa nyumbani, na figo zilipoanza kumsumbua alikuwa anashinda nyuma ya kaunta, akiendesha barabara yake ile ile kwenye kioo, Siwema akimfuata na lori la pili. Alimfundisha kila kitu. Kupiga honi mara mbili kabla ya kushuka Sekenke. Kusimama Misigiri hata kama hakuna la maana. Kukata matawi na kuyalaza barabarani lori likiharibika, ili anayekuja nyuma apunguze mwendo. Kisha akafa. Arobaini ilipopita Siwema akawasha mashine, akamkuta Mwangu amesimama Misigiri anamngoja, akaondoka naye mpaka juu ya Sekenke, na honi ikapigwa mara mbili. Alilia mpaka akachoka, halafu akamfuata mteremko wote. Tangu hapo alikuwa anamfuata kila asubuhi kabla ya kufungua, akimsimulia kupitia kipaza sauti cha pedi habari zote za nyumbani, za wateja, za upweke wake.

Sasa hii indiketa ya kushoto imetoka wapi?

*

Siwema hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Chini ya kaunta alikuwa na kompyuta kuukuu, feni yake inakoroma kama mzee mwenye pumu, aliyoigeuza kuwa seva wakala. Kazi ya wakala ni kusimama katikati. Mashine za gemu hazizungumzi na kampuni moja kwa moja. Zinamwambia wakala, wakala anakwenda kuuliza, anarudi na jibu. Alimweka kwa ajili ya bando tu, maana hakuna haja ya kila mashine chumbani kupakua sasisho lile lile kivyake wakati wakala anaweza kulileta mara moja akazigawia zote.

Lakini ukikaa katikati ya watu wanaozungumza, utasikia. Siwema akaanza kusoma anwani ambazo mashine zilikuwa zinaziuliza. Akaona kwamba kila sasisho la programu ya ndani, ile inayoifanya mashine ijijue kuwa ni mashine, linatanguliwa na faili dogo linaloeleza limebeba nini. Akaona pia kwamba ukibadilisha tarakimu ya mwisho ya anwani, seva ya kampuni inakupa hata toleo ambalo halijatangazwa, bila kuona haya. Ikawa ndiyo starehe yake, kuchungulia vyungu vya watu vikiwa bado jikoni.

Hivyo ndivyo alivyoliona toleo la tisa kabla ya mji mzima. Faili lake lilisema mikono yote ya zamani itaondolewa na kuwekwa mipya yenye sauti. Kampuni ilipokuja kutangaza, ilitangaza kwa nyimbo na maua: mpendwa wako atacheza, na sasa atazungumza. Watu wakapakua mbio mbio. Siwema yeye alikuwa ameona neno moja tu, kuondolewa. Akampa wakala amri kwamba ile mashine ya nyuma ya kaunta ikiuliza kama kuna jipya, ijibiwe hakuna. Ikawa inauliza kila siku, na kila siku inadanganywa.

Shemeji yake Msaghaa, mdogo wa Mwangu, hakumwelewa hata kidogo. Mama yao alikuwa wa kitandani kule Unyambwa, macho yameshaingia ukungu, masikio bado mazima. Kumwonyesha lori kwenye kioo ni kazi bure. Sauti angeipokea. Mara ya kwanza Msaghaa alikuja kwa utani, akasema shemeji ana wivu gani huu wa kumficha mume hata baada ya kaburi. Mara ya pili hakutania.

“Shemeji, mama ananiuliza kila siku,” alisema. “Jirani yake anaongea na mwanawe marehemu kila jioni, yeye anasikia ukutani. Anataka kujua amekukosea nini.”

Siwema alimwomba ampe muda kidogo. Alimwambia kuna hitilafu anaitengeneza, na alijichukia alipoona jinsi shemeji yake alivyoamini.

Basi siku ile ya ajali alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwamuru wakala amwonyeshe kila kinachoingia na kutoka kwenye ile mashine wakati Mwangu anaendesha. Alitegemea asione kitu. Mkono uliohifadhiwa ndani ya mashine hauna shida na intaneti. Uko humo humo, unajichezea. Lakini pale kwenye kioo cha kompyuta data ilikuwa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, ikichelewa kidogo, ikiwahi kidogo, kama watu wawili wanaoongea. Lori la Mwangu liliposimama Misigiri, mawasiliano yakanyamaza kabisa. Siku hizi lilikuwa linasimama pale muda mrefu zaidi, na Siwema alikuwa akifurahi, akidhani mumewe anaipenda Misigiri hata huko aliko. Kumbe kuna mtu anakunywa chai.

Alikaa chini sakafuni. Kwanza alisikia hasira, halafu aibu ikaifunika hasira. Mambo yote aliyoyasema kwenye kile kipaza sauti, yale ambayo mke anamwambia mumewe tu, kuna mtu ameyasikia.

*

Asubuhi iliyofuata alisimamisha lori lake Misigiri, nyuma ya lori la Mwangu, akazima injini.

“Wewe si Mwangu,” alisema kwenye kipaza sauti. “Nakuuliza wewe uliyewasha ya kushoto. Ni nani?”

Halafu mlango wa lori la mbele ukafunguka, mtu wa kwenye gemu mwenye kofia ya Mwangu akashuka, akaenda porini, akarudi na matawi. Hakuyalaza kukata barabara kama anavyofanya mtu aliyeharibikiwa. Aliyapanga juu ya lami moja moja, kwa uangalifu, na Siwema akasoma.

NI MTU

Siwema alifunika mdomo. Akauliza jina, na matawi yakaokotwa na kupangwa upya.

NABINTU. BUKAVU

Jina la kike. Na pale pale Siwema akaielewa ile indiketa, kwa sababu Mwangu aliwahi kumsimulia jinsi walivyokuwa wakihangaika wakivuka mpaka. Huko Kongo magari yanakwenda upande wa kulia, kwa hiyo na ishara zinageuka. Dereva wa mbele akitaka kukukataza usipite anawasha ya kushoto. Nabintu aliliona lile basi. Alikuwa anamwambia asipite, kwa lugha ya barabara za kwao.

Iliwachukua asubuhi nyingi kuelezana, mmoja akisema kwa mdomo na mwingine kwa matawi, maana maneno ya kuandika yalikuwa yanasomwa na wasimamizi wa kampuni, lakini hakuna aliyekuwa amefikiria kuyasoma matawi. Hivyo ndivyo Siwema alivyojua kwamba hakukuwa na kishika nafasi chochote. Kulikuwa na ukumbi katika mji wa mbali ambao Nabintu hakuwahi hata kutoka nje kuuona vizuri, na watu waliopewa rekodi za wasafiri na marehemu wakazitazama mpaka wakaweza kuwa wao. Nabintu alikuwa amemsoma Mwangu mpaka akawa anaota anabadilisha gia. Nyumbani Bukavu aliacha binti ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Sasa, kwa hesabu za mama yake, anakimbia.

Hasira ya Siwema ilikwisha bila yeye kujua ilikwisha lini. Akaanza kuamka mapema zaidi. Alipika chai yake akaja nayo mezani ili Misigiri wanywe wote, huyu huku, yule kule. Alimweleza Nabintu habari za yule muuza maandazi na vita vyake na kuku, na lori la mbele likawasha na kuzima taa zote kwa fujo, akajua kwamba mwenzake anacheka. Aliona haya kukiri, lakini ndiyo ukweli: katika miaka yote ile ya kumlilia Mwangu, kitu kilichomfanya ainuke kitandani hakikuwa Mwangu. Alikuwa ni huyu.

Msaghaa alipiga simu kusema mama hali chakula vizuri. Siwema akasema wiki ijayo.

Ndipo akaamua kumpa rafiki yake habari njema. Aliitunza mpaka wakafika Misigiri, akainywa chai yote kwanza.

“Nabintu, usiwe na wasiwasi na toleo la tisa,” alisema. “Mimi nimelifungia njia. Wakala wangu anaiambia mashine kwamba hakuna jipya, na itaendelea kuambiwa hivyo hivyo. Hawatakuondoa.”

Lori la mbele halikuwasha hata taa, mpaka Siwema akadhani intaneti imekatika, akainama kumtazama wakala, akamkuta mzima. Aliponyanyuka, Nabintu alikuwa ameshashuka na matawi.

NI WEYE

Hakuelewa. Akauliza ni mimi nini. Matawi yakapangwa tena, taratibu sana, na safari hii kwa Kiswahili cha kwao kabisa.

WENZANGU WALISHAENDA. NABAKI MIYE

Mkataba wao ulikuwa hivi: mtu anaachiwa kwenda nyumbani siku mkono wa mwisho alioushika unapofungwa. Toleo la tisa, linalojiendesha lenyewe bila mtu, lilipoingia kila mahali, ukumbi ukaanza kuwa mtupu, viti vikibebwa, watu wakikumbatiana mlangoni na mabegi yao. Mikono yote ya Nabintu ilishafungwa isipokuwa mmoja. Kuna mashine moja mahali fulani iliyokuwa inagoma kusasishwa, na wasimamizi hawakujua ni kwa nini. Walimwambia asubiri. Alikuwa anasubiri peke yake kwenye ukumbi mzima, na uchovu ndio uliomfanya awashe ya kushoto.

Siwema akauliza, “Mbona hukuniambia? Siku ya kwanza ile, mbona hukuniambia unataka kwenda?”

ULIKUWA UNALIA

Yalitanda lami nzima, yale matawi, na Nabintu hakuyaondoa.

*

Siwema hakufungua chumba siku ile. Wateja waligonga, wakaita, wakaondoka wakilalamika. Alijua la kufanya, na kulijua hakukumsaidia. Amri aliyompa wakala ilikuwa mstari mmoja; kuufuta ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini kila alipoinama kwenye kompyuta alijikuta anajipa sababu. Wiki moja tu, ili waagane vizuri. Mpaka mvua. Mpaka mama mkwe apate nafuu, kana kwamba mama mkwe hakuwa akiumwa kwa ajili ya kitu hicho hicho. Akajisikia mwizi, na mwizi wa mtu si wa mali. Huko Bukavu kuna mtoto anafundishwa kumwita bibi yake mama, na hapa Misuna kuna mjane amemshikilia mama wa mtoto yule kwa sababu anaogopa kunywa chai peke yake.

Kesho yake alikaa kwenye kiti chake akaishika pedi.

“Leo usiendeshe Mwangu,” alimwambia. “Endesha wewe. Nataka nikuone.”

Ndipo akamwona. Kumbe Nabintu mwenyewe alikuwa anaendesha kama mtu aliyechelewa harusi. Aliondoka Misigiri bila hata kusimama. Alikata kona kwa ujeuri, akapeperusha vumbi, akapiga honi ovyo kwa mbuzi, kwa miti, kwa kitu chochote kile. Siwema alicheka peke yake chumbani huku machozi yanamtoka, akikazana kumfuata. Walipofika juu ya Sekenke, hapakuwa na honi mbili. Lori la mbele lilishuka tu, na katikati ya mteremko, pale pale, likawasha indiketa ya kulia.

Mkono wa Siwema ulikataa. Ya kulia maana yake tulia, kuna kitu kinakuja. Ndivyo mumewe alivyomfundisha, ndivyo ilivyo. Indiketa ikaendelea kuwaka na kuzima, ikimngoja. Akakanyaga mafuta, akatokeza, akapita.

Barabara ilikuwa nyeupe mpaka chini Shelui. Siwema alitazama kwenye kioo cha pembeni, akaliona lile lori nyuma yake kwa mara ya kwanza maishani, likimmulika taa.

Aliegesha Shelui. Alisema, “Nenda, mdogo wangu. Kambusu mtoto,” na hakungoja matawi, kwa sababu angeyasoma asingeweza tena. Aliinama chini ya kaunta, akaufuta ule mstari. Mashine ikauliza, kama ilivyokuwa inauliza kila siku, je, kuna jipya? Wakala akasema kweli.

*

Msaghaa ndiye aliyeibeba mashine mpaka Unyambwa, ameipakata kama mtoto mchanga. Wakaiweka juu ya sanduku karibu na kitanda cha mama, wakaiwasha, na chumba kikajaa sauti ya Mwangu, ile ile nzito ya mtu anayeongea huku anatafuna kitu.

“Mama, umeamkaje?”

Mama mkwe alinyoosha mkono hewani akitafuta uso wa kuushika. Alimjibu, akamuuliza kama anakula, akajibiwa kwamba anakula, akamgombeza kwa kukaa kimya muda wote huo. Msaghaa aligeukia ukutani. Mwishowe mama akamtafuta Siwema kwa vidole, akamshika kiganja.

“Siwema, mwanangu. Ni yeye?”

Siwema alimtazama yule mzee, uso wake umeng'aa kama hajawahi kuugua. Angeweza kusema mengi.

“Ni sauti yake, mama,” alisema.

Ilimtosha mama, akaegama kwenye mto akitabasamu. Msaghaa akampa shemeji yake pedi, akasema aendeshe kidogo, ili mama asikie injini. Siwema akaingia barabarani. Mwangu alikuwa mbele, sahihi, mtulivu, hakuna kona aliyoikosea. Alisimama Misigiri kwa muda ule ule aliokuwa akisimama enzi zake, si zaidi. Juu ya Sekenke alipiga honi mara mbili, na mama mkwe akasema, huyo, huyo ndiye mwanangu.

Katikati ya mteremko lori lile likawasha indiketa ya kushoto.

“Pita, Siwema,” Mwangu alisema kwa upendo. “Kweupe.”

Na kweli kulikuwa kweupe. Siwema aliiona barabara yote mpaka chini, hakuna basi, hakuna mtu. Indiketa ikaendelea kuwaka na kuzima, ya kushoto, kama inavyotakiwa. Siwema alipunguza mwendo, akabaki nyuma yake, akingoja ikosee.